Kwa Nini Nauli ya Kikapu Wakati Mwingine Huzidi Bei ya Kikapu Chenyewe

Swali ambalo sisi wauzaji wa vikapu tunaulizwa mara nyingi zaidi na wateja walio nje ya Dar es Salaam halihusu rangi wala ufumaji, bali nauli ya mzigo. Mteja wa Bukoba huchagua kikapu cha ukindu, akaridhika na bei, kisha akitajiwa gharama ya kukifikisha huanza kushuku kwamba muuzaji amejiongezea faida humo. Shaka hiyo haikosi msingi, kwa kuwa wapo wauzaji wa mtandaoni wanaoshusha bei ya bidhaa ili ivutie na kuirudisha katika usafirishaji. Sisi tumechagua kuandika nauli kando ya bei ya bidhaa, na kwa sababu hiyo tunawajibika kueleza inavyopatikana na namna mteja anavyoweza kuipunguza.

La kwanza la kufahamu ni kwamba msafirishaji anauza nafasi kabla ya kuuza umbali. Kampuni za vifurushi vya haraka kwa ndege hupima boksi kwa sentimita, huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, na jibu hilo huligawanya kwa 5,000 ili kupata kile wanachokiita uzito wa ujazo. Kisha hulinganisha uzito huo na ule wa mizani na kumtoza mteja kwa ule ulio mkubwa. Chukua kikapu cha wastani kilichowekwa katika boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 35. Ujazo wake ni 56,000, na ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 11.2, ilhali kwenye mizani boksi hilo halifiki hata kilo mbili. Mteja anajikuta analipia zaidi ya kilo tisa za hewa, na hapo ndipo nauli inapoweza kuipita bei ya kikapu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotuonyesha njia ya kuokoa fedha. Vikapu vya seti, vile vinavyofumwa kwa ukubwa unaopishana, huingia kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo boksi lilelile hubeba vitatu badala ya kimoja na nauli haibadiliki, maadamu uzito wa mizani haujazidi zile kilo 11.2. Mteja anayetaka kikapu kimoja leo na kingine mwezi ujao atalipa karibu mara mbili ya yule anayeagiza vyote kwa pamoja, na tungependa alijue hilo kabla hajalipa chochote. Vilevile, tukilikata boksi hilo kimo chake kikashuka kutoka sentimita 35 hadi 25, uzito wa ujazo unashuka hadi kilo 8. Ndiyo maana vikapu laini vya ukindu tunavikunja na kuvibana kabla ya kuvifunga, navyo humfikia mteja vikiwa vimelala. Vipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, vijaze nguo ndani, uviache kivulini usiku kucha; umbo litarudi. Vikapu vya Iringa vinavyofumwa kwa majani ya milulu hatuvibani hata mteja akiomba, kwa sababu ufumaji wake ni mgumu na mkunjo ukishaingia hautoki. Kwa bidhaa ndogo, kama vile pochi, vipepeo vya kujipepea na vitambaa vya meza, njia ya Posta ya pakiti ndogo mara nyingi ndiyo yenye unafuu, ila ina mipaka yake. Uzito usizidi kilo 2, upande mrefu kuliko yote usizidi sentimita 60, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 90.

Umbali nao una sehemu yake, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachopandisha nauli zaidi ni idadi ya mikono inayopitiwa na mzigo. Unguja iko karibu na Dar es Salaam kuliko Morogoro, lakini mzigo wa Unguja hupelekwa bandarini, hupakiwa kwenye boti, hupakuliwa, kisha hutafutiwa wa kuupeleka nyumbani, na kila hatua ina malipo yake. Mzigo wa Bukoba, pamoja na safari yake ya kilomita zipatazo 1,400, hupanda basi moja katika stendi ya Magufuli pale Mbezi na kushuka nalo mwisho wa safari. Ukerewe ni habari nyingine, kwani mzigo hufika kwanza Mwanza, ukapokewa na mtu wa kuaminika, ndipo uvushwe kwa meli hadi Nansio. Mteja wa huko akiwa na ndugu au mwenzake wa biashara pale Mwanza anayeweza kumpokelea, gharama hupungua waziwazi.

Kwenye mabasi, tofauti na ndege, mara nyingi mzigo hauwekwi kwenye mizani. Karani wa vifurushi huutazama, huuliza kilichomo na thamani yake, hutaja bei, na hapo mapatano huanza. Hali hiyo ina faida kwa vitu vyepesi vyenye umbo kubwa kama vyetu, hasa vikifungwa pamoja kwenye kiroba kimoja badala ya maboksi matatu yanayoonekana kama mizigo mitatu. Hasara yake ni kwamba hatuwezi kutangaza bei moja ya kudumu kwa kila mkoa, na katika majira ya sikukuu, hasa Desemba ambapo wasafiri wa kaskazini hujaza buti za mabasi, bei hupanda bila taarifa. Kwa mabasi, kwa hiyo, tunampa mteja makadirio, kisha tunampigia picha risiti ya ofisi ya basi. Kiasi kilichozidi hurudishwa kwa njia ileile aliyolipia, na kikipungua tunamweleza kabla mzigo haujaondoka. Anayekubali kuchukua mzigo wake mwenyewe ofisini kwa basi hailipii bodaboda. Hilo ni dogo, lakini kwa agizo la kikapu kimoja linaonekana.

Tumeshauriwa mara kadhaa kutangaza usafirishaji wa bure, kwa kuwa neno hilo linavuta wanunuzi. Hatukubaliani na ushauri huo. Dereva, karani na mpakizi hawafanyi kazi bure, kwa hiyo gharama yao itaingizwa katika bei ya kikapu, na mteja wa Kariakoo anayekuja dukani kwa miguu atakuwa anamlipia nauli mteja wa Kigoma bila kuulizwa. Kampuni kubwa zinazotuma maelfu ya vifurushi kwa siku hupata punguzo la kuweza kubeba mzigo huo wa gharama, sisi hatulipati.

Kwa wateja walio ng'ambo kuna jambo la forodha, nalo limebadilika sana miaka ya karibuni. Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800 kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, na tangu hapo hata kikapu kimoja huweza kudaiwa ushuru. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya yuro 22 tangu Julai 2021. Uingereza nayo, tangu Januari 2021, inataka kodi hiyo itozwe wakati wa mauzo kwa bidhaa za hadi pauni 135. Malipo hayo hayaji kwetu wala si sehemu ya nauli, na mteja anapaswa kuyaweka katika bajeti yake tangu mwanzo. Australia na New Zealand hukagua kwa ukali kila kitu kilichotengenezwa kwa mimea. Mzigo wa ukindu unaweza kuzuiliwa au kufukizwa dawa kwa gharama ya mpokeaji, na kwa sababu hiyo maagizo ya huko tunayazungumza na mteja kwanza.

Baadhi ya wateja hutuomba tuandike neno «zawadi» kwenye fomu ya forodha, au tutaje thamani ndogo kuliko waliyolipa. Hatufanyi hivyo. Licha ya kuwa ni kosa kisheria, fidia ya mzigo uliopotea hufuata thamani iliyoandikwa kwenye fomu. Aliyelipa shilingi 180,000 na kuandikiwa 20,000 hana wa kumdai zile 160,000 zilizobaki.

Wenye maduka wanaoagiza kwa wingi hutuuliza pia juu ya kontena la pamoja, yaani kontena moja la meli linalobeba mizigo ya watu mbalimbali. Kwa bahari hutozwa kwa mita ya ujazo, na aghalabu kuna kiwango cha chini ambacho utakilipa hata kama mzigo wako ni nusu ya hapo. Zaidi ya hayo, ada za bandari ya kupokelea hazipungui sana kwa mzigo mdogo. Chini ya mita moja ya ujazo hatuishauri njia hiyo, isipokuwa wanunuzi wawili au watatu wa mji mmoja wameungana na mmoja wao amekubali kuwa mpokeaji wa wote.

Anayetaka makadirio atutumie bidhaa anazozitaka zote kwa pamoja, mji na mtaa wa mwisho wa safari, jina la atakayepokea na namba yake ya simu inayopatikana, pamoja na maelezo kama mzigo utachukuliwa na mwenyewe stendi au Posta. Tutamjibu kwa vipimo vya boksi lililokwisha kufungwa, uzito wa mizani, uzito wa ujazo ikiwa mzigo ni wa ndege, na bei ya njia mbili ili achague. Makadirio ya ndege hudumu siku saba, kwa sababu wasafirishaji hubadilisha tozo ya mafuta mara kwa mara. Ya basi yanafaa kwa siku hiyo tu.