Mtoto alale karibu na mama, jiko la mkaa litoke

Ndugu Mhariri,

Mzazi anayerudi nyumbani Machame, Kibosho au Marangu hukutana na amri mbili. Kliniki imemwambia mtoto awe na mahali pake pa kulala. Bibi anamwambia mtoto mchanga haachwi peke yake, atapigwa na baridi au jicho. Kwa hilo la kutoachwa peke yake, bibi yuko sahihi. Hata Marekani, ambako wengi huwapa watoto chumba chao, madaktari wa watoto wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo, ila juu ya godoro lake.

Hatari iko kwenye yale yanayoambatana na desturi hiyo. Kubwa kwetu, baridi hii ya Juni hadi Agosti, ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani na madirisha kufungwa. Wengi husubiri moshi uishe, wakidhani limekuwa salama. Sivyo. Mkaa ulioiva, usio na moshi hata kidogo, bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala hazinduki. Jiko libaki nje. Pasheni godoro kwa chupa ya maji ya moto, na chupa iondolewe kabla mtoto hajalazwa.

Lingine ni kumlaza kifudifudi au ubavu ili asipaliwe akicheua. Hofu hii tunaielewa, lakini maumbile yanasema kinyume. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hayapandi kirahisi kuingia kwenye mapafu. Ukimgeuza kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inakuwa chini. Marekani ilipoanza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa takribani nusu. Baada ya kunyonya, mcheulishe, kisha mlaze chali, usiku na mchana. Kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho, nawe ukimtazama.

Nguo: mwongezee moja tu kuliko unazovaa wewe. Usipime baridi kwa viganja, maana viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa mzima. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza. Blanketi liishie kifuani, mikono ikiwa nje, na mto usiwepo. Uzi au shanga za kinga zilizo shingoni zivuliwe anapolala.

Kama kitanda ni kimoja, mtoto awe upande wa mama, si katikati ya baba na mama wala karibu na kaka zake. Nafasi kati ya kitanda na ukuta ni mtego, mtoto hunasa humo. Afadhali godoro lishushwe sakafuni, mbali na ukuta, na chandarua kichomekwe chini yake pande zote. Aliyekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, asilale na mtoto, hata kama ni mama aliyepewa kikombe ili maziwa yaongezeke. Wala mvuta sigara.

Mtoto aliyezaliwa njiti au chini ya kilo 2.5 asilazwe kitanda cha wakubwa kabisa. Joto lake ni la kangaruu: ngozi kwa ngozi kifuani, amefungwa wima, saa 8 hadi 24 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Mama akichoka, baba au bibi ampokee kifuani.

Wakunga,
Moshi