Mama ameacha vidonge

Uyole, Mbeya

Mpendwa Upendo,

Kamwene, na watoto kamwene. Huku ni baridi tu, viazi tumeshavuna. Nisamehe kwa ukimya wangu. Leo nimeshindwa kulala bila kukuandikia.

Mama ameacha vidonge vya sukari, wiki ya tatu sasa. Alinunua unga wa mizizi sokoni Mwanjelwa, na kopo lina karatasi ambayo nimeshaikariri: "Wengi waliotumia dawa hii wameacha vidonge." Mama akaelewa kwamba wamepona. Nikamwuliza, Mama, hapa pameandikwa wapi kupona? Pameandikwa kuacha. Mtu huacha vidonge kwa kuwa amepona, au kwa kuwa kaambiwa aache, au vimemwishia na nauli ya kliniki hana. Yote matatu yanaenea kwenye sentensi ile ile. Unakumbuka "Mtoto amelalia uji", darasa zima tulivyobishana? Kalala juu ya uji, au kalala na uji peke yake tumboni? Utata ni ule ule, ila huu umeingia kwenye damu ya mama yangu.

Chini yake wameandika, "Imepimwa maabara, haina madhara." Haya, ilipimwa nini? Kutokuwa na sumu ni jambo moja, kushusha sukari ni jingine. Hata ugali hauna sumu, na sukari unaipandisha.

Mama Lusajo naye anashuhudia kwamba wote anaowajua waliopata nafuu walikunywa unga huo. Sawa, lakini je, wote waliokunywa walipata nafuu? Aliyezidiwa harudi sokoni kutoa ushuhuda.

Kinachoniumiza ni kwamba mwezi wa kwanza wa kutumia unga sukari ilishuka kweli. Lakini alikuwa anatumia vyote, unga na vile vidonge vyake vya metformini, halafu sifa zote akaupa unga. Jumamosi nimempima asubuhi kabla hajala: 13.6! Wewe nesi unajua, ikifika 7 kabla ya kula tayari ni kisukari. Yeye anasema hasikii kitu. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, unakula macho, figo na miguu taratibu, na tayari ana kidonda kidoleni, alijigonga na jembe.

Simlaumu. Amechoka na vidonge, na karatasi ile imemwambia alichokuwa anatamani kusikia. "Wengi"! Wengi kati ya wangapi? Narudi hapo hapo kila usiku.

Nakuomba umpigie, jioni anakuwa nyumbani. Wewe anakusikiliza kuliko mimi niliyemzaa... tazama, hata kuandika nakosea, aliyenizaa. Nianzie wapi naye? Arudie dozi ile ile au aonwe kwanza na daktari? Kile kidonda nikisafishe kwa nini? Na huko Njombe unga huu umeshafika? Wewe mwenyewe unakuja lini?

Wako,
Tusekile