Mungu hakufukuzwa darasani Dover

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi aliyedai, katika toleo lenu la wiki iliyopita, kwamba mahakama za Marekani zimemfukuza Mungu darasani. Nimefundisha Baiolojia sekondari miaka 27, na Jumapili naimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Kesi anayoitaja, ile ya Dover, nimeifuatilia tangu ilipoanza, na alivyoieleza sivyo ilivyokwenda.

Dover ni mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Wajumbe wa bodi ya shule kule huchaguliwa kwa kura kama tunavyochagua madiwani, na hakuna anayewauliza kama wanajua sayansi. Oktoba 2004 bodi iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba kabla ya somo la mageuko ya viumbe wanafunzi wa darasa la 9 wasomewe tangazo: kwamba maelezo ya Darwin ni nadharia, si jambo lililothibitika, yana mapengo, na anayetaka maelezo tofauti akachukue kitabu fulani kinachotetea kile walichokiita usanifu wenye akili, yaani kwamba viumbe vilibuniwa na msanifu mwenye akili. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma. Januari 2005 ikabidi viongozi wa elimu waingie wenyewe madarasani na karatasi yao. Walimu wale nawapa heko. Kumkatalia mwajiri kwa maandishi si mchezo.

Hilo neno nadharia lina mtego hata kwetu. Tumezoea kusema nadharia na vitendo, na fundi anayeongea sana bila kushika spana tunasema huyo ana nadharia tu. Katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi na kuunganisha ushahidi mwingi. Kwamba vijidudu huleta maradhi nayo ni nadharia, lakini bodi haikuagiza tangazo lisomwe kabla ya somo la vijidudu.

Wazazi 11 wakaishtaki bodi mahakama ya shirikisho kwamba inaingiza dini darasani, kesi ikaanza kusikilizwa Harrisburg Septemba 2005. Mwandishi wenu anamchora Jaji John E. Jones III kama adui wa dini. Jaji huyo alikuwa Mlutheri, mwanachama wa chama cha Republican, na aliyemteua ni Rais George W. Bush. Shahidi wa kwanza upande wa wazazi, Kenneth Miller, ni mwanabaiolojia na ni Mkatoliki. Sasa hao waliomfukuza Mungu ni kina nani?

Kilichoiumbua bodi ni kitabu kile kile. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeibatilisha sheria ya Louisiana iliyoilazimisha shule inayofundisha mageuko ifundishe na uumbaji. Sababu ilikuwa kwamba Katiba hairuhusu serikali kuipigia debe dini, na sheria ile ilikuwa inafanya hivyo. Mawakili wa wazazi wa Dover wakapata rasimu za zamani za kitabu, wakazilinganisha. Zile za kabla ya hukumu hiyo ya 1987 zilizungumzia uumbaji. Za baada yake zilizungumzia usanifu, na maelezo yalikuwa karibu yale yale. Mahali pamoja mhariri wa kitabu alikuwa na haraka: neno jipya lilibandikwa juu ya la zamani, na herufi za la zamani zikabaki zinachungulia huku na huku. Kwa miaka yangu yote ya kusahihisha madaftari yaliyonakiliwa kwa jirani, sijapata kuona ushahidi mtamu kama huo.

Hukumu ilitolewa Desemba 20, 2005, kurasa 139. Jaji aliandika kwamba usanifu huo si sayansi, na akasikitika kwamba baadhi ya wajumbe waliojitapa hadharani kwa imani yao walisema uongo kuficha nia yao. Mwezi mmoja kabla, wapiga kura walikuwa wamewaondoa wajumbe wote 8 waliokuwa wakitetea viti vyao. Bodi mpya haikukata rufaa, ikalipa gharama zaidi kidogo ya dola milioni 1. Kwa kuwa kesi haikupanda juu, hukumu haikuyafunga majimbo mengine. Louisiana mwaka 2008 na Tennessee mwaka 2012 zikapitisha sheria zisizotaja uumbaji popote. Zinasema tu kumsaidia mwanafunzi achambue na kukosoa nadharia za sayansi, na kati ya zinazotajwa kwa jina ni mageuko. Nani atapinga mwanafunzi kuchambua? Lakini ni Tennessee hiyo hiyo iliyompiga mwalimu John Scopes faini ya dola 100 mwaka 1925 kwa kufundisha mageuko.

Kuna jambo ambalo mwandishi wenu, akiwa Mtanzania, angeliona upesi. Shule za umma za Marekani hazina kipindi cha dini kama chetu, ambapo watoto hugawanyika, hawa kwa mchungaji au padri, hawa kwa ustadhi. Mzazi wa kule anayetaka mwanawe asikie habari za uumbaji shuleni haoni mlango, basi anaubomoa ukuta wa maabara. Namwelewa, ingawa ukuta ni wa mwenzake.

Mimi kidato cha nne, kila mwaka, tulipofika kwenye mada ya mageuko, mkono ulinyooshwa: mwalimu, na Adamu je? Nilijibu kwamba swali hilo lina mwenyewe, alipeleke kwenye kipindi cha dini, kisha tuliendelea na fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mwaka mmoja mchungaji aliyekuwa akifundisha kipindi hicho alinifuata ofisini. Nilidhani amekuja kugomba. Kumbe wanafunzi walikuwa wamemuuliza fuvu lile lina umri gani, naye akawaambia swali hilo lina mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro