Wauza vipuri, andikeni miguu ya mbadala

Mhariri,

Naomba nafasi nisemezane na wauza vipuri vya elektroniki wa huku kwetu.

Mimi nafuga kuku Uyole, Mbeya. Kwa baridi ya Julai nilitaka mashine ya kutotolesha mayai ambayo taa yake inajizima ikifika nyuzi 37.5. Mchoro wa saketi nikachapisha steshenari kwa printa ya leza, nikauhamishia kwenye kibao cha shaba kwa pasi ninayonyooshea sare za watoto, kisha nikakitumbukiza kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa na wino, ndani ya kopo la aiskrimu. Kibao cha kwanza nilisahau kugeuza mchoro, kikatoka kinyumenyume. Nikakitupa.

Cha pili kilitoka safi, ila relei, ile swichi ya umeme inayowasha taa, ikawa inagusa na kuachia, tik tik tik, taa haiwaki. Nikatamka lile neno letu sote: feki. Nikapanda daladala hadi mjini, nikamfokea kijana wa watu dukani mbele ya wateja.

Transista, kile kipuri cha miguu mitatu kinachoendesha relei, haikuwa feki. Niliomba BC547, haikuwepo, akanipa 8050: "Ni hiyo hiyo, mama." Kwa nguvu ni kweli, inatosha na kuzidi. Lakini itazame upande wake bapa, miguu ikiwa chini: miguu hiyo ina majina, na BC547 inaanza na kolekta kushoto, kisha besi, kisha emita. 8050 inaanza na emita. Besi iko katikati kwa zote mbili, ndiyo maana mtu hashtuki. Tena ukiichomeka kinyume haifi, inafanya kazi kwa unyonge tu, relei haipati mkondo wa kuishikilia. Ingeungua ningejua siku ile ile. Mimi nilihangaika wiki mbili.

Nikaing'oa, nikaigeuza, taa ikawaka. Nikaweka trei nzima. Usiku wa pili taa ikazimika, mayai yakapoa, na hapo sina wa kumfokea. Nikawa nabonyezabonyeza bodi kwa kijiti cha kiberiti. Nilipogusa mguu wa emita, taa ikawaka. Mguu ule unaingia kwenye shaba pana ya upande hasi, inayonyonya joto lote. Pasi yangu ya kuyeyushia risasi ya kuunganishia vipuri ni ya wati 25, na nilikuwa na haraka. Risasi ilikuwa imeyeyukia mguuni huku shaba haijapata moto, ikakaa kama tone la maji juu ya jani la gimbi: imevimba, haijashika. Nikapaka rosini ya kusaidia risasi ishike (utomvu wa misonobari huo, na Sao Hill tumeijaza misonobari), nikaegemeza ncha ya pasi iguse mguu na shaba kwa pamoja, nikahesabu hadi nne, ndipo nikasogeza risasi. Ikatambaa yenyewe.

Kwa hiyo kosa la risasi ni langu. La miguu tugawane. Ndugu zangu wauzaji, mkitupa mbadala, andikeni herufi tatu kwa kalamu kwenye kile kimfuko: E, B, C, kwa mpangilio wake. Si kila mnunuzi ana bando la kutafuta mtandaoni, na mita ya kupimia vipuri si kila nyumba inayo.

Kijana yule nilimrudia na mayai kumi ya kumtaka radhi. Ameyapokea. Kwenye vimfuko bado haandiki kitu.

Mama mfugaji,
Uyole, Mbeya