Pweza Ameisha

Lindi, 10 Februari 2026

Zuhura shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mvua imeangusha kibanda cha kuni, na bei ya nazi bora nisiiseme. Ile sauti yako ya dakika 17 nimeisikiliza mara tatu huku naparua samaki. Kujibu kwa sauti siwezi, mgahawani kelele, ndiyo maana nakuandikia.

Mwanzo nilidhani unanitania. Hoteli ya Disney unayofanyia kazi iko Florida, majengo yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, bwawa la kuogelea Uzima, na migahawa ni Boma, Jiko na Sanaa! Mama aliposikia akauliza, "Sasa huyu mtoto kaenda Marekani au kaishia Tanga?"

Halafu hicho kijiji cha Harambe, huko Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama na michezo, ndicho kilichonimaliza. Wamekijenga kwa kuiga Lamu, mpaka kuta wakazitengeneza zionekane zimebanduka rangi. Shoga, kuna mtu kalipwa mshahara kuchakaza ukuta mpya! Si wangekuja tu Lindi au Mikindani, kuta zimebanduka zenyewe miaka mingi na hazijadai hata shilingi.

Chakula nacho. Vile vikeki vya Boma vyenye michirizi ya punda milia sijavitamani. Kilichonikaa kichwani ni Sanaa: mgeni kakaa dirishani, nje twiga anapita, mezani kaletewa naan na paratha na vitu tisa vya kuchovea. Chatini ya embe, ya ukwaju, ya giligilani, ambazo wewe na mimi tumekula dukani kwa Muhindi tangu tunavaa sare za shule, bila twiga. Na hapo mtu anaweka nafasi siku 60 kabla! Mimi sijui hata kesho mchana nitakuwa na njaa ya nini.

Lakini uliposema jinsi mnavyofundishwa kupokea watu, samaki nikamweka chini. Kwamba mgeni haonyeshwi njia kwa kidole kimoja, ni kwa vidole viwili au kiganja kizima. Kidole kimoja hata bibi alikuwa anatukataza. Tumekisahau wapi?

Acha nikupe aibu yangu. Mwezi uliopita walikuja Wajerumani wawili, mzee na mkewe, Kiswahili wanakijua kiasi. Ukutani kwangu, unakumbuka, pameandikwa vyakula kumi na viwili kwa rangi ya mafuta. Mzee akaagiza pweza. Mwanahawa, msichana wangu wa kuhudumia wateja, yuko kwenye simu, akasema, "Pweza ameisha." Kuku? "Bado." Chipsi? "Mafuta hayajapata moto." Mama wa watu akauliza kwa upole, "Dada, leo kuna nini?" Akajibiwa, "Chai." Pa kukaa wakaonyeshwa kwa kidevu. Mimi niko nyuma ya pazia, mikono imejaa unga, nimesikia yote na sikutoka. Mwanahawa nilimgombeza baadaye, lakini ule ukuta niliuandikisha mimi.

Nilipotoka na chapati ndipo nikajua safari yao. Walikuwa wanakwenda Tendaguru, kule ilikochimbwa mifupa ya dinosaria. Mzee akafungua simu akanionyesha mjusi wetu, yule mkubwa, amesimama kwenye makumbusho Berlin, kwenda juu mita 13 na zaidi. Akauliza tiketi zinakatwa wapi, nani anatembeza wageni, na huko porini watakula nini. Zuhura, ni kilomita kama 60 tu kutoka hapa nilipo, na mimi mzaliwa wa Lindi nilibaki nasema "ee" na "aa". Mwisho nikawaitia jirani mwenye gari, nikawafungia chapati sita kwenye gazeti.

Tangu siku ile mjusi hanitoki kichwani. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, msimamizi wa vibarua akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa tani kama 250, watu wameibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari hii hii ninayoiona nikianika kanga. Sasa wewe unaniambia huko kwenu eneo la dinosaria wamelifunga kabisa mwezi huu, na 2027 litafunguka lingine la nchi za joto za Amerika, Tropical Americas. Yule Sue wao, dinosaria wa mifupa, mwenyewe alikuwa wa kuigiza, mifupa halisi iko Chicago. Wao wa bandia wamemchoka. Sisi wa kweli katoka ardhini kwetu na hapa Lindi hatuna hata wa plasta.

Na wao wakitaja 2027 watu wanaanza kuweka akiba. Huku mradi wa gesi wa Likong'o, hapa hapa Lindi, tumeusubiri mpaka mbuzi niliyemtenga kwa sherehe ana wajukuu.

Kwa hiyo lile wazo lako la kurudi na hela tununue bembea za umeme tuziweke ufukweni, mimi simo. Chumvi ya hapa unaijua, bati la choo halifiki miaka mitatu. Hela yako kaa nayo kwanza. Niandikie kitu kimoja: mgeni akiingia kwenu, kuanzia mlangoni mpaka anapoondoka, nani anamwambia nini, na chakula kikiisha mnasemaje. Usiruke hata vitu vidogo. Na jirani mwenye gari nimeshaongea naye, Tendaguru tutakwenda mimi na Mwanahawa baada ya Ramadhani, barabara ikikauka, ili mtu mwingine akiuliza nijue ninachosema.

Ukuta nimeupaka chokaa. Nimenunua ubao mweusi, kila asubuhi yanaandikwa yaliyomo jikoni tu. Jana yalikuwa manne: wali, pweza wa nazi, mchicha, chai. Saa nane pweza akaisha, na kabla sijafungua mdomo nikamwona Mwanahawa kaacha simu, kachukua kitambaa, anamfuta.

Picha ya Sue nitumie kama ulimpiga. Mama anakusalimu, anauliza Tanga mvua vipi.

Wako,
Salma