Sindano ya nyongeza: tuelezwe kabla ya kulipa

Mhariri,

Mwaka jana mimi na mume wangu tulifika kliniki moja ya uzazi hapa Dar es Salaam kutafuta mtoto kwa IVF, yaani mayai ya mwanamke huvunwa na kurutubishwa maabara. Awamu ya kwanza yalipatikana mayai mawili tu. Ya pili tukaongezewa homoni ya ukuaji, sindano ya kila siku chini ya kitovu. Dawa nilizibeba kwenye daladala ndani ya kiboksi cha barafu; umeme ukikatika nazikimbiza kwenye friji ya jirani mwenye jenereta (na maswali yake, Mungu wangu!).

Hatukuambiwa kwamba ushahidi kuwa homoni hii inasaidia ni haba. Jaribio la LIGHT la Australia na New Zealand, lililochapishwa 2019, lilihusisha wanawake 130 ambao, kama mimi, hutoa mayai machache. Waliojifungua watoto hai ni asilimia 14.5 ya waliochomwa homoni na 13.7 ya waliochomwa sindano bandia, isiyo na dawa. Kweli, lilifungwa kabla ya kupata wanawake wa kutosha, kwa hiyo halimalizi ubishi. Ila mwaka huohuo mwongozo wa ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi Ulaya, ulisema kwa wagonjwa wa aina yangu homoni hii pengine haifai kupendekezwa.

Siwalaumu madaktari kwa kujaribu. Ninachodai ni karatasi moja ya Kiswahili, ije kabla ya ankara, iseme: hii ni nyongeza, faida yake haijathibitika, bei yake ni hii. Sisi tulikuwa tumeshauza pikipiki ndipo tukayajua haya.

Msomaji,
Tabata, Dar es Salaam