Askofu Mkuu wa Canterbury kasema nini hasa mpaka watu watake afukuzwe?

Mhariri,

Najua mwezi huu wa Februari 2008 roho za Wakenya ziko Nairobi kwa Kofi Annan, mpatanishi wa ugomvi wa uchaguzi, hata mie naomba dua usiku na mchana wakubwa wapatane watu waache kuchinjana. Lakini tangu tarehe 7 huku Kibokoni kila baraza ni Askofu Mkuu wa Canterbury Rowan Williams, mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, ati kataka Waingereza wahukumiwe kwa sharia ya Kiislamu, na magazeti ya London yamemvaa, wengine wanataka ajiuzulu, mpaka ofisi ya Waziri Mkuu wao Gordon Brown ikatoka kusema sheria Uingereza ni ya Kiingereza.

Mie nilimsikia BBC. Alisema baadhi ya sharia, mambo ya ndoa na pesa, anaona haitaepukika kuzipa nafasi, akataja mahakama za Mayahudi ambazo ziko hapo hapo Uingereza, na hizo adhabu kali na kudhulumu wanawake akasema hakuna mwenye akili zake anayezitaka. Sasa kelele yote hii ya kukata mikono imetoka wapi jamani?

Kinachonishangaza zaidi ni kuwa Waingereza haohao walipochukua ukanda wetu wa pwani wa maili kumi kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895 waliwakuta makadhi, mahakimu wa Kiislamu, na hawakuwatoa, wakatawala nao mpaka 1963. Mombasa haikuzama baharini.

Wanaoogopea wanawake siwalaumu, hofu yao naijua vizuri. Mamangu mdogo alipofiwa na mumewe, mashemeji walikuja na wazee wakakaa sebuleni, edaa haijaisha, wakagawa nyumba kwa mdomo tu. Yeye apewe vyombo na kitanda, mabinti watatu wasubiri waolewe. Hakuna faili, hakuna aliyeandika, na ukibisha unaambiwa unapinga dini. Alipopata nguvu akaenda kwa kadhi. Kule hati ya nyumba ikaitishwa, mashahidi wakasikizwa, akapata thumuni yake, fungu moja kwa manane, na mabinti mafungu yao. Ilichukua miaka karibu miwili na nauli ilituumiza sana, na korti zile zinahitaji makarani zaidi, hilo nalisema wazi. Lakini sheria ya mahakama za kadhi ya mwaka 1967 inasema shahidi asibaguliwe kwa dini wala kwa kuwa mwanamke, na asiyeridhika anakata rufaa Hai Koti. Wale wa sebuleni ungewakatia rufaa wapi?

Basi mwanamke wa Kiislamu wa London nae anaachwa, nae anafiwa, na wazee wa sebuleni anao vilevile. Ukikataa hata kuzungumzia mahakama yenye mipaka, umemwacha na hao. Na mpaka huo lazima uwe kama wetu, wote wawe Waislamu na iwe mambo ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi peke yake, mtu asiburutwe.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu na hapa kwetu viongozi wa makanisa walifungua kesi mwaka 2004 kupinga mahakama za kadhi kuwa ndani ya katiba, na nimeshaanza kusikia watu wakisema mnaona hata Uingereza wamekataa. Mhariri, nakuomba gazeti lako litafsiri hotuba ya askofu yote, sio kichwa cha habari tu, mulichape kabla ya Ijumaa tusome wenyewe, na padri asome na imamu asome.

Mama wa Kibokoni,
Mombasa